Mtaka kasi sharti ainame

Mwezi huu mmeniletea namba kuliko maneno. Msomaji mmoja kaniandikia vipimo kumi na vinne vya fremu ya baiskeli, na hakuna hata kimoja cha mwili wake. Salamu ndefu nimezikata (marahaba kwa wote), barua zinazofanana nimeziunganisha, na nimejibu kama ninavyojibu nikiwa kwenye benchi langu la kazi, timazi mkono mmoja na futi ya utepe mkono wa pili.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina urefu wa sentimita 178 na nimebaki na fremu mbili za kaboni za kuchagua. Ya kwanza imeandikwa 54, staki milimita 550, richi 390. Ya pili imeandikwa 56, staki 575, richi 385. Mgongo wangu haukunjiki sana, kwa hiyo naiogopa ile yenye richi ndefu. Nikichukua ya pili nitakaa karibu zaidi na usukani, sivyo? – Mgongo Mgumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sivyo.

Kwa ambao lugha hii ni ngeni: tazama katikati ya ekseli ya krenki, pale miguu inapozungukia. Panda wima kutoka hapo hadi usawa wa mdomo wa juu wa bomba la usukani: hiyo ndiyo staki. Ukifika usawa huo, nenda mbele hadi katikati ya mdomo wenyewe: hiyo ndiyo richi. Zile 54 na 56 zilizobandikwa kwenye fremu usizitegemee. Zamani zilionyesha urefu wa bomba la kiti. Tangu bomba la juu lilipoanza kuinamishwa miaka ya 1990, mbunifu Mike Burrows alipoichorea kampuni ya Giant fremu ya TCR, namba hizo zimebaki kama saizi za mashati, kila mshonaji na yake.

Kosa lako ni kulinganisha richi mbili zilizopimwa kwenye vimo viwili tofauti. Bomba la usukani halikusimama wima, limelala kuja kwako. Kwenye baiskeli za mbio pembe yake huwa kama nyuzi 73. Kwa hiyo kila unapopandisha usukani milimita 10 kwa kuongeza pete chini ya shingo yake (kile kipande kinachoubana usukani kwenye bomba la foku), unarudi nyuma kama milimita 3. Sasa ipandishe fremu ya kwanza milimita 25 ili ilingane na ya pili. Richi yake inapungua kama milimita 7 na nusu, inakuwa 382 na ushei. Ya pili ina 385. Umeona? Ile uliyoiogopa kwa urefu ndiyo fupi, ingawa kwa milimita mbili tatu ambazo huwezi hata kuzihisi.

Kwa hiyo richi isikusumbue. Swali lako liwe: usukani wako unataka kukaa wapi? Chukua baiskeli unayoendesha sasa bila maumivu. Isimamishe wima, hakikisha sakafu iko sawa kwa pimamaji. Ning'iniza timazi katikati ya usukani, pale shingo inapoubana. Pima kwa usawa kutoka kwenye uzi hadi katikati ya ekseli ya krenki. Kisha pima kimo cha usukani kutoka sakafuni, utoe kimo cha ekseli. Namba hizo mbili ziandike ndani ya mlango wa kabati, maana zina thamani kuliko katalogi yoyote. Kama zinakupeleka juu, chukua ya pili na uweke pete chache. Kama usukani wako umezoea kukaa chini, ya pili itakukatalia, kwa sababu fremu unaweza kuipandisha kwa pete lakini huwezi kuishusha kwa chochote. Na hizo pete zina kikomo. Foku ya kaboni, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, huja na kimo cha pete ambacho mtengenezaji hataki ukivuke; kisome kabla hujalipa.

Nayasema haya kwa sababu nimeyalipia. Nilipokuwa kijana nilinunua fremu kwa kuangalia picha ya bingwa. Usukani ulikaa sentimita 11 chini ya kiti, na kwa kujiamini nikakata bomba la foku siku hiyohiyo ili shingo isiwe na pete hata moja. Kwenye kilomita ya arobaini ya safari ya kwanza shingo yangu mwenyewe ilikataa kuinuka. Nilirudi nimeshika sehemu ya juu kabisa ya usukani, kifua wazi, kama mtu aliyebeba beseni. Baiskeli ya mbio kali kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, nami nikiwa juu yake kama tanga. Na bomba likishakatwa halirefuki. Ilibidi ninunue foku nyingine.

SWALI: Fundi, nimeweka akiba miaka mitatu. Niko kati ya fremu ya upepo, yenye mabomba mapana, na fremu nyepesi ya kupandia milima. Tofauti ni kama kilo moja. Huwa naenda kilomita 30 kwa saa nikiwa peke yangu, na karibu 40 tukiwa kundi. Tangazo linasema ya upepo inaokoa wati nyingi. Nyingi ni ngapi? – Mwenye Akiba

JIBU: Ndugu yangu, tufanye hesabu, kisha utaona tangazo limenyamazia nini.

Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inaongezeka mara nne, na wati za kuishinda zinaongezeka mara nane. Wanaofanya kazi kwenye handaki la upepo (chumba cha kupimia ukinzani wa hewa) hukupima wewe na baiskeli yako kama kitu kimoja: ukubwa wa sehemu ya mbele ukizidishwa na namba ya umbo. Mtu wa kawaida aliyeshika mipira ya breki (vile vishikio vya mbele ya usukani) hupata kama mita za mraba 0.30. Kwa namba hiyo, kilomita 30 kwa saa zinakutoza kama wati 104 za hewa peke yake. Kilomita 40 zinakutoza 247. Ongezeko la kasi ni theluthi moja tu, gharama imezidi mara mbili.

Tuseme umepunguza 0.30 ikawa 0.28. Kwenye kasi ya 30 unaokoa wati 7. Kwenye 40, kama 16. Mara nyingi namba ya kwenye tangazo imepimwa kwa kasi ya 45, ambako wewe hufiki isipokuwa mteremkoni.

Sasa ile kilo moja. Kwenye mlima wa asilimia 8, ukipanda kwa kilomita 15 kwa saa, kilo moja inakula wati 3 na kidogo. Pale ardhi ilipo tambarare haili kitu cha kuzungumzia. Ndiyo maana kilio cha uzito hunichosha. UCI, chama cha dunia cha mchezo wa baiskeli, wameweka kikomo cha kilo 6.8 tangu mwaka 2000, na bado kuna watu wanatoboa boliti ili zipungue gramu.

Lakini hiyo 0.02 tuliyoipunguza kwenye karatasi, unadhani rahisi kuipata ni wapi? Katika kila wati nne za hewa, tatu au zaidi zinaliwa na mwili wako. Baiskeli nzima, magurudumu na yote, inagawana zilizobaki. Kwa hiyo kabla ya kufungua akiba jaribu hili. Mwombe mtu akupige picha kutoka mbele ukiendesha kwa mwendo wako wa kawaida. Kisha kunja viwiko mpaka vigasha vilale sambamba na ardhi, mikono ikiwa palepale kwenye mipira ya breki, shusha kidevu, apige nyingine. Ziweke picha pamoja. Kile kipande cha kifua kilichopotea kati ya picha ya kwanza na ya pili hakiuzwi dukani. Ongeza jezi isiyopepea. Jezi inayojaa hewa mgongoni ni sawa na kununua fremu ya upepo halafu ukaifungia mwavuli.

Mwaka 1989 Greg LeMond alianza siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 za kukimbia mmojammoja dhidi ya saa, Versailles hadi Paris. LeMond alifunga usukani wenye mikono iliyotangulia mbele, viwiko vikakaribiana, kichwani kavaa helmeti yenye mkia. Fignon alipanda bila helmeti, nywele amezifunga kisogoni. LeMond alimzidi kwa sekunde 58 siku hiyo, akatwaa Tour kwa sekunde 8. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga hawakuwa na handaki la upepo lakini hapo walipatia. Mimi huongeza: ainame kiasi anachoweza kudumu nacho. Mkao wa chini unaoushika dakika tano ukauacha haukuokolei chochote. (Na usiige kulaza vigasha juu ya usukani wa kawaida, wala kukaa juu ya bomba la juu mteremkoni. UCI walipiga marufuku yote mawili Aprili 2021, na kwa hilo siwalaumu.)

Kuhusu kundi: mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Bert Blocken walichunguza msafara wa waendeshaji 121, wakakuta aliyefichwa ndani, nyuma ya wengi, anakutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa anayekwenda peke yake. Kundi lenu ni dogo, hamtafika huko. Hata hivyo, kujifunza kukaa nusu mita nyuma ya gurudumu la mwenzako bila woga kutakupa kuliko bomba pana.

Jibu langu basi: chukua ile ambayo usukani wake utafika kwenye zile namba mbili za mlango wa kabati. Zikifika zote mbili, chukua ya upepo. Milima yenyewe huipandi kutwa nzima.

SWALI: Fundi, nikiendesha zaidi ya saa moja vidole vinakufa ganzi. Nimebadilisha glavu mara tatu. – Vidole

JIBU: Acha glavu, weka pimamaji juu ya kiti. Nina hakika pua imeinama. Unateleza mbele, na mikono inafanya kazi ya kiuno. Kilaze sawa, kisizidi nyuzi mbili tatu kushuka. Kama kiko sawa na ganzi ipo, usukani uko mbali: punguza shingo milimita 10, na uniandikie tena.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni dada wa sentimita 157, kilo 50. Nina fremu ndogo kabisa ya kampuni yangu, na wasiwasi wa namna mbili. Nikikata kona pole pole ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele. Na tangu niweke rimu zenye kina cha milimita 60, upepo wa ubavuni unaninyang'anya usukani. Niliambiwa nijenge misuli. – Saizi Ndogo

JIBU: Dada, aliyekuambia ujenge misuli alitaka kufunga mapema siku hiyo. Kilichokukuta kinatokana na hesabu, tena hesabu ambayo wewe hukuulizwa.

Gurudumu ni lilelile kwa mtu wa sentimita 157 na wa 195. Fremu inapofupishwa, gurudumu halifupiki, linakaribia vidole vya mguu. Mchoraji hulikwepesha kwa kulaza pembe ya usukani, tuseme kutoka nyuzi 73 hadi 71. Hapo anagusa kitu kingine kiitwacho treili. Tazama gurudumu la mbele la toroli la kununulia vitu dukani: shina lake liko mbele, gurudumu linafuata nyuma, ndiyo maana linajinyoosha lenyewe. Baiskeli nayo iko hivyo. Chora mstari kupitia bomba la usukani mpaka ardhini. Pale tairi linapogusa ardhi ni nyuma ya mstari huo. Umbali kati yao ndio treili.

Kwa tairi la milimita 28, pembe ya nyuzi 73 na foku iliyopindwa mbele milimita 45, treili ni kama milimita 57: inageuka upesi, inatii. Foku hiyohiyo kwenye pembe ya nyuzi 71 inatoa 69. Usukani unakuwa mzito kwenye mwendo mdogo, unataka kuangukia upande. Dawa ipo. Foku yenye mpindo wa 53 kwenye pembe hiyo ya 71 ingerudisha treili kwenye 61, na ingesogeza gurudumu mbali na kiatu chako. Lakini hiyo ni kalibu ya pili ya foku, na kampuni nyingi hutumia moja kwa saizi zote. Nikichagua fremu kwa mtu mfupi, safu ya kwanza ninayoisoma kwenye jedwali ni ya mpindo wa foku. Ikiwa ni namba moja kuanzia saizi ndogo hadi kubwa, najua nani alisahauliwa.

Kugusa kwa kiatu kunatokea tu usukani ukigeuzwa sana, yaani ukitembea karibu na mwendo wa miguu. Kwenye kasi huugeuzi kiasi hicho, baiskeli inalala. Bado, krenki fupi na kurudisha klipu za viatu nyuma kidogo zitakupa nafasi ya milimita kadhaa.

Upepo: badilisha rimu ya mbele tu. Upepo ukipiga rimu ya kina unaisukuma kwa nguvu iliyo mbele kidogo ya mhimili wa usukani, kwa hiyo unakugeuzia. Gurudumu la nyuma halina usukani wa kugeuzwa. Weka 35 au 40 mbele, acha hiyo 60 nyuma. Kwa kilo 50 hutajuta, nami ningefanya hivyo hata kwa kilo 65.

SWALI: Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France, anatumia krenki za milimita 165. Mimi nina 172.5. Nibadilishe? – Shabiki

JIBU: Jikague kwanza. Panda baiskeli mkao wa chini kabisa, mtu akutazame kutoka nyuma. Kama goti likifika juu linagonga mbavu, au kiuno kinayumba kulia na kushoto kulipa goti njia, krenki fupi zitakusaidia. Goti litapita milimita 7.5 chini zaidi pale juu, nyonga itafunguka. Kama hakuna kinachogongana, tunza pesa yako.

Ukibadilisha, pandisha kiti hizo 7.5, maana pedali ya chini imepanda. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kiti kikipanda, usukani umeshuka bila kuguswa. Ongeza pete. Na usishangae gia ikionekana nzito; mkono wa kuisukumia umepungua zaidi ya asilimia 4. Shuka gia moja, zungusha miguu upesi kidogo, mwezi mmoja utazoea.

SWALI: Je, usukani mwembamba kabisa una faida? – barua tatu

JIBU: Faida ya upepo ipo kweli, mabega yakikaribiana sehemu ya mbele inapungua. Ila vijana walivuka mpaka, wakafunga usukani kama wa baiskeli ya mtoto. UCI wakaweka kikomo cha milimita 350 mwaka 2023, na kuanzia 2026 kimepanda hadi 400, vyote vikipimwa nje hadi nje. Mwenye mabega mapana hapungukiwi kitu. Wanaoumia ni wenye miili midogo, kama dada wa hapo juu, ambao 400 kwao ni mpana. Hiyo sheria sikuipenda. Kama hushindani, nunua upana wa mabega yako.

SWALI: Fundi, rimu zangu zina upana wa nje wa milimita 30, hazina ndoano ya kushikia tairi. Nimeweka tairi lililoandikwa 30. Mwenzangu anasema nimeharibu umbo la upepo. Najaza PSI 90 kama nilivyozoea. – Rimu Mpya

JIBU: Simama hapo. Kwanza toa hewa. Rimu isiyo na ndoano mwisho wake ni baa 5, yaani PSI 73, na ikiwa rimu au tairi limeandikwa chini ya hapo, fuata lililo chini. Tairi linaloruka kutoka kwenye rimu halikupi nafasi ya kujitetea. Hakikisha pia tairi lenyewe limeruhusiwa kwa rimu za aina hiyo.

Hutapoteza kasi. Kwenye lami yenye chembe, tairi gumu hurusha baiskeli na mwendeshaji juu badala ya kumeza, na kila unaporushwa umelipa. Tairi pana kwa hewa ndogo linapita kimya. Nilihitaji miaka mingi kukubali hili, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezoea kubonyeza tairi na kusifia ugumu.

Kuhusu umbo, mwenzako ana hoja. Josh Poertner, aliyekuwa kwenye kampuni ya magurudumu ya Zipp, ndiye aliyetupa kanuni ya 105: upana wa nje wa rimu uwe angalau asilimia 105 ya upana wa tairi, ili hewa iliyoachana na tairi ipokelewe tena na rimu. Kwa rimu ya 30, tairi lisizidi 28.5. Lako limezidi, na pengine limezidi kuliko unavyodhani, kwa sababu maandishi ya ubavuni hayajui rimu yako ina upana gani ndani. Rimu pana hulifungua tairi. Nimewahi kupima la 28 nikasoma 30.4.

Kwa hiyo weka 28 mbele, ambako upepo unaanzia, liache la 30 nyuma likubebee mgongo. Lijaze, lilaze usiku kucha, kisha ndipo ulipime kwa venia, kile kipimo cha taya. Tairi jipya likipimwa siku ya kwanza linadanganya.